Balansi ya matairi ya safari: vyuma vya rimu au shanga za ndani?

Kwa gari inayotoka Arusha kwenda Ngorongoro na Serengeti mi nasema vyuma, vile vizito vidogo vya kufunga kwenye rimu ili gurudumu lizunguke bila kutetemeka, bado vinashinda. Shanga, yaani punje ndogo za mviringo, wazo lake tamu, unazimwaga ndani ya tairi, gurudumu likizunguka kwa kasi zinajipanga zenyewe upande mwepesi, hata tairi ikilika balansi inajirekebisha na hakuna cha kung'olewa na mawe. Shida mwendo mdogo hazifanyi kitu, zinaporomoka tu chini, ndo maana ukiondoka au ukisimama gari inacheza kidogo. Halafu upate pancha huko mbele ya geti la Naabi, Serengeti, fundi akifungua tairi shanga zote mchangani, na kama ndani mlikuwa na unyevu zimeshaganda madonge! Valvu nayo inataka sindano (kile kiziba upepo cha ndani yake) yenye chujio, la sivyo chembe inanasa pale upepo unavuja.

Vyuma gereji yoyote yenye mashine ya balansi inakufungia, ila vya kugongea pembeni ya rimu vinadondoka kwenye mawe, bora vya kubandika kwa ndani, na rimu isafishwe kweli kweli maana gundi haishiki kwenye vumbi. Na kabla hujamlaumu fundi eti usukani unatetemeka ukifika 80 kwenye lami ya Makuyuni, chungulia nyuma ya rimu, tope likikaukia upande mmoja huo uzito unatosha kuharibu balansi, osha kwanza. Shanga ningempa mwenye yale matairi makubwa ya matope ambayo yanasumbua kwenye mashine, basi.