Friji ya gari siku nne Ziwa Michigan: sijarudisha, ila kuna kitufe kimoja nakichukia

Haya jamani mambo vipi, karibuni tena, upepo mnausikia msinilaumu, niko paking ya mnara wa taa wa Grand Traverse huku juu kabisa kwenye ncha ya Leelanau, Michigan, Marekani, shemeji yenu ndo kashika kamera, na kama picha inacheza mjue ni yeye sio mimi. Leo ile friji ya gari niliyowaahidi. Jina la kampuni nimeziba na selotepu hapa mbele, maana hawajanilipa hata senti na ninachotaka kusema sio cha kuwafurahisha wote.

Lita ngapi, uzito gani, waya wa ukutani na waya wa soketi ya sigara, hayo yote yameandikwa kwenye boksi, msinipotezee muda. Inapoza? Inapoza, tena sana. Siku ya kwanza nikaweka namba 4 nikijua nyuzi 4 kama friji ya nyumbani, kumbe kitu kinasoma Farenhaiti, na 4 ya Farenhaiti ni kama nyuzi 15 chini ya sifuri! Tumefika Grand Haven nafungua, mayai yamepasuka, soda zimevimba, nyanya ukiigonga inalia kama jiwe. Hilo ni kosa langu, naweka wazi. Unabonyeza hapa na hapa kwa pamoja inahamia Selsiasi, basi.

Ila Grand Haven pazuri jamani. Minara miwili myekundu juu ya gati moja, na kuna kidaraja cha chuma kimepita juu kwa juu mpaka kule mwisho, zamani mlinzi alikuwa anapita huko juu dhoruba ikija mawimbi yasimbebe. Shemeji yenu akaanza kuniambia ooh hili ziwa ni kubwa, mimi mtoto wa Mwanza unanitishia na ziwa? Victoria ni kama kilomita za mraba elfu 68, hili elfu 58, kaa chini. Alichonishinda ni kina tu, hili linashuka mpaka mita 281, letu ni kama 80. Haya, moja moja.

Sasa njooni karibu. Sogeza kamera, baba, hapa kwenye vitufe, hapa hapa. Mnaona hii H? Ukibonyeza tena inakuwa M, tena L, halafu inarudi H. Hiki ndo kitufe nachokichukia. Kazi yake ni kulinda betri ya gari, yaani friji inapima umeme unaoingia, ukishuka chini ya kiwango inajizima yenyewe ili asubuhi gari liwake. Wazo zuri tu, sikatai. Angalia skrini, gari limezimwa, inasoma volti 12.3, sawa? Tusubiri kompresa iwake... subiri... hiyo, imewaka, msikilizeni inavyonguruma kidogo kama paka, angalia namba, 11.9, 11.6, 11.4! Betri haijaisha jamani, betri ni nzima! Ni huu waya. Ushikeni hata kwa macho, mwembamba kama wa chaja ya simu, halafu umetoka kwenye soketi ya nyuma ya gari ambayo nayo ina waya wake mrefu humo ndani, umeme unapotelea njiani, friji inapokea kidogo inadhani betri inakufa. Ikifika 11.1 kwenye H inakata. Na haikati kimya kimya kwa adabu, inaandika E1 inaanza tii, tii, tii, tii.

Usiku wa kwanza tumelala kwenye hema Ludington, ile kambi ndani ya hifadhi. Mchana wake tulikuwa tumepanda mnara wa Little Sable, halafu jioni tukatembea mpaka Big Sable, maana gari haliruhusiwi kufika, ni kama kilomita tatu kwenda na tatu kurudi, nusu nzima mchanga. Mnara wenyewe ni wa 1867, una urefu kama mita 34, umepakwa mistari myeupe na myeusi. Ukiugusa ni wa baridi, wa chuma, kumbe matofali ya ndani yalianza kumomonyoka na upepo wa ziwa wakauvalisha mabati ya chuma mwaka 1900. Ngazi 130! Na Little Sable nako 130! Magoti yangu hayakuwa yangu tena. Nalala kama mzigo, saa nane usiku nasikia tii tii tii, nikajua labda ni wale wanyama rakuni wanafungua gari. Natoka na tochi, ni E1. Nazima, nawasha, inakaa dakika ishirini, tii tii tii. Majirani wa hema la pili wanakohoa kile kikohozi cha kukwambia tumekusikia. Nikaichomoa. Asubuhi maziwa yameharibika na kuku alikuwa na harufu ya kuulizana.

Shemeji yenu, fundi wa kila kitu, akasema acha woga weka L. L inaruhusu betri ishuke sana ndo friji ijizime. Tukaweka L. Friji ililala vizuri kuliko sisi, asubuhi kila kitu baridi safi, maji yana umande, mimi nampigia makofi. Tunataka kwenda mnara wa Point Betsie kuuwahi mwanga wa asubuhi, anawasha gari, tik. Tik tik. Limekufa. Geuza kamera wamuone uso, haya hataki. Tukakaa pale mpaka akaja mzee mmoja mstaafu na mbwa wake, ana waya za kubusti kwenye buti, akatubusti, hakutaka hela, alitaka tu kujua tumetoka wapi na Kiswahili kinasemwa na watu wangapi. Kwa hiyo chaguo ni hilo: H maziwa yaharibike, L usukume gari. M nimejaribu jana, sijui niseme nini, ilijizima saa kumi alfajiri, nikasikia naota.

Halafu unajua nini kimenichekesha, wale walinzi wa minara kazi yao ndo ilikuwa hiyo hiyo ya kuamka usiku kuangalia taa isizime. Kuna mama mmoja nimemsoma, Elizabeth Whitney Williams, mume wake alikuwa mlinzi wa mnara kisiwa cha Beaver, hapo hapo ziwani, akazama mwaka 1872 akienda kuokoa watu wa meli. Huyo mama akaichukua kazi, baadaye akahamishiwa mnara mpya Harbor Springs mwaka 1884, na hakuiacha mpaka 1913. Miaka arobaini mama wa watu anaamka usiku! Mimi usiku tatu nimeshakonda, tena nalinda soseji.

Ngoja niseme bei kabla sijasahau, maana mtajaza kwenye komenti. Nimenunua dola 210, kulikuwa na punguzo, juzi nimeangalia ni 260. Lile boksi la kawaida la barafu nililokuwa nalo la dola 30 halijawahi kunipigia kelele hata siku moja, nasema ukweli. Ila barafu ni mifuko miwili kwa siku, dola nne nne, na siku ya pili mkate unaogelea. Kuna wale watanunua boksi la barafu la dola mia tatu na kitu, la kujionyesha, siwaelewi, barafu ni ile ile. Kitabu cha hii friji kina mstari mdogo huko ukurasa wa mwisho kwamba L ni ya kutumia na betri ya pembeni, sio ya gari. Sasa si mngeandika juu ya boksi kwa herufi kubwa? Hiyo betri ya pembeni nzuri ni bei kuliko friji yenyewe! Hapo ndo wanakupata.

Haya, nisiwe mchoyo, kuna mahali ilinifurahisha. Jana Leland, kile kijiji cha wavuvi wanakiita Fishtown, vibanda vya mbao vimezeeka rangi ya kijivu, vimesimama juu ya mto pale unapomwagika ziwani, wanauza whitefish wa moshi. Baba, toa yule. Muoneni, ngozi ya dhahabu hii, ukimbana na kidole mafuta yanatoka. Sio sangara, sio sato, ila mtu wa ziwa ukimnusa unajua uko nyumbani. Huyu ametembea tangu jana kwenye gari, mchana unawaka jua, na yuko vile vile kama nilivyomnunua, kwa sababu gari likitembea friji haina neno, injini inalisha betri, inapoza kama imetumwa. Kwa hiyo wewe unayeendesha mchana na usiku unalala hotelini au motel, unaichomeka ukutani, nunua. Mimi wa hema... siirudishi lakini. Nitabadilisha waya, nitavuta mnene moja kwa moja kutoka kwenye betri na fyuzi yake, nikifanikiwa mtaona vidio, nikiunguza gari pia mtaona.

Na wale wapya sabskraibuni basi, zimebaki kama arobaini tufike elfu tano, tukifika nagawa lile boksi langu la barafu, nisilidharau tena. Wiki ijayo chapati za kwenye jiko la gesi la kambi, na yule dada aliyeniuliza kama ukungu wa kamera yangu ni filta, sio filta mama, ni mafuta ya

tii, tii, tii

mnasikia? Mnasikia lakini? Tumeongea dakika ngapi gari limezimwa? Baba, weka kamera chini, washa gari. Washa gari, samaki huyo.