Hita ya petroli ya South Wind kwenye Chevrolet ya 1949: naipenda, lakini ngojeni niwaambie

Shem, sogeza maikrofoni huku chini, karibu na dashibodi. Hapo hapo. Wadau, nyamazeni kidogo msikilize. Navuta swichi... subiri... subiri... Mmesikia? Huo mlio mdogo, kama mtu anapumua kwa nguvu mara moja. Huo ni moto. Petroli inawaka ndani ya kibati hiki, juu ya magoti yangu, na mimi nimekaa nacheka.

Habari zenu wadau, karibuni tena. Leo hapa Minnesota, kaskazini mwa Marekani, ni nyuzi 19 chini ya sifuri, na wale mnaonitazama kutoka Tanga na Mombasa najua mnavyosema: huyu naye, ananunua hita wakati sisi tunaulizia feni. Sawa. Njooni huku Januari moja tu halafu tuongee.

Pikapu mnaijua, Chevrolet ya 1949, silinda sita, umeme wa volti 6. Sitarudia, kuna video nzima. Mgeni wa leo ni hii hapa: South Wind, modeli 978, ya kampuni ya Stewart-Warner ya Chicago. Hizi zilianza kuuzwa miaka ya mwisho ya 1930, na tangazo lao lilikuwa na ahadi moja: joto ndani ya sekunde 90. Sekunde 90! Wakati huo hita ya kawaida ilitumia maji ya rejeta, kwa hiyo ukitoka nyumbani unatetemeka mpaka injini ipate moto, na ukifika kazini ndiyo kwanza inaanza kupuliza vuguvugu. Tena magari mengi yaliuzwa bila hita kabisa, unaongeza mwenyewe. Stewart-Warner wakasema, injini ya nini? Tuwashe moto wetu.

Tujaribu hiyo ahadi, maana matangazo tunayajua. Imeshapoa. Kipimajoto nimekitundika kwenye tundu la hewa. Shem, anza kuhesabu. Navuta swichi. Angalieni sindano ya ampea pale kwenye dashibodi, imeanguka upande wa kutoa chaji, mnaiona? Hicho ni kiwashio, waya unaowaka mwekundu ndani, kinakula umeme vibaya sana. Tunangoja... ndiyo, moto umeshika. Kipimo kinapanda, 10, 18, 30... na sindano ya ampea je? Imerudi juu! Umeme umekatika kwenye kiwashio, kwa sababu kuna swichi ya joto ndani inayojikata yenyewe chumba kikishapata moto. Kuanzia hapo moto unajiendesha. Shem, ngapi? Sekunde 80 na kitu. Nyuzi 45 na inaendelea. Gari la mwaka 1949! Gari la mke wangu la juzi juzi halifanyi hivyo.

Lakini siyo hilo linalonifanya niipende. Kinachonifanya niipende ni swali ambalo mmoja wenu ataniuliza kabla video haijaisha: moshi unakwenda wapi? Zungukeni gari lote. Ingieni chini. Hamtaona bomba la moshi la hita. Halipo.

Twende kwenye boneti. Shem, taa. Mnaona mabomba mawili yanayotoka kwenye kabini? Hili jembamba linatoa petroli kwenye bakuli la kabureta na kuipeleka kwenye hita. Hili nene linatoka kwenye hita na kurudi... fuata kidole changu... kwenye manifoldi ya kuingiza hewa ya injini. Injini inapovuta hewa, inavuta pia kupitia hita. Ule mvuto ndio unaoleta petroli na hewa kwenye chumba cha moto, na ndio unaoondoa moshi. Ni sawa na kunywa dafu kwa mrija: mdomo ni injini, dafu ni kabureta, na hita imekaa katikati ya mrija. Moshi wote unaingia kwenye silinda, unatoka na moshi wa gari kule nyuma. Hakuna pampu ya mafuta, hakuna feni ya kulisha moto. Feni iliyopo ni ya kukupulizia wewe joto tu.

Na kuna jambo hapa watu wanaokuja kunitisha kwenye maoni hawalifikirii. Chumba cha moto kinavutwa, hakisukumwi. Kikitoboka, mara nyingi kitanyonya hewa ya kabini kiingize ndani, hakitasukuma moshi nje. Sijasema kitoboke nawe ukae tu! Pale juu ya kioo nimebandika kengele ya gesi ya sumu, ile ya monoksidi ya kaboni, na mtungi wa kuzimia moto uko chini ya kiti. Kabla sijafunga hii hita niliziba upande mmoja, nikapuliza hewa kidogo upande wa pili, nikapaka maji ya sabuni kila kwenye kiungo. Povu likitokea, hufungi. Basi.

Sasa utamu na uchungu wake vinatoka mahali pamoja. Angalieni. Nimeunganisha geji ya mvuto. Injini iko sailensa, yaani inazunguka polepole bila kukanyagwa mafuta, geji inasoma inchi 19 za zebaki, nzuri sana. Hita inaunguruma. Sasa nakanyaga mafuta kama napanda mlima... geji imeshuka, 8, 5... na mlio wa hita mnausikia? Umefifia. Kwa sababu ukifungua kabureta yote, mvuto kwenye manifoldi unakufa. Na pikapu hii wipa zake pia zinaendeshwa na mvuto! Kwa hiyo fikiria: theluji inaanguka, umebeba mzigo, unapanda kilima, wipa zinalala na hita inalegea wakati mmoja. Ukiachia mafuta kuteremka, vyote viwili vinafufuka kwa fujo. Nilicheka mara ya kwanza. Mara ya pili sikucheka.

Na ukizima injini, joto limekwisha. Hapa ndipo wenye Volkswagen wananicheka, maana hita zao za petroli za Eberspächer zina injini yake ndogo ya umeme na zinawaka hata gari limezimwa, mradi betri ipo. Haya, na Corvair ya 1960 ilitoka na hita ya petroli kule mbele, kwa sababu injini iko nyuma na inapozwa kwa hewa, maji ya kuchemsha hita hayapo. Wote hao wana hoja. Ila zao zina bomba la moshi, waya kibao, na vidude vya kuharibika. Halafu Volkswagen iliyoshinda Safari Rally mwaka 1962 sidhani kama ilihitaji hita, basi tuache ubishi.

Tuje kwenye kufunga. Mabano, matundu ya kwenye ukuta wa injini, hayo mtayaweza wenyewe. Nizungumzie mabomba, kwa sababu nimeona picha mnazonitumia na nyingine zimenikosesha usingizi. Bomba la petroli: msirudishe lile la shaba la zamani. Shaba ikitikiswa miaka na miaka inakuwa ngumu, inapasuka, na hapa chini yake kuna manifoldi ya moshi yenye moto. Weka la chuma, lifunge na vishikizo lisicheze. Bomba la kurudi kwenye injini: chuma. Siyo mpira, hata mpira mzuri, hata ule wa bei ghali. Linapitisha moshi wa moto. Kuna jamaa aliweka mpira wa rejeta, likayeyuka, halafu anasema hita mbaya.

Na tundu la kwenye manifoldi, ipe hita tundu lake. Usiidandie kwenye kijibomba cha wipa, ni chembamba mno, utapata wipa goigoi na hita isiyowaka. Kama kiungo cha asili cha hita kipo, kitumie hicho.

Sasa matatizo. Nitaongea polepole kwa sababu hapa ndipo watu wanapotupa hela. Hita haiwaki, mtu anakimbilia mtandaoni kununua kiwashio. Kiwashio cha hii kitu, kikipatikana, bei yake inauma. Mimi hita yenyewe nilinunua dola 160, imekwishatumika, ina kutu ya nje tu, na muuzaji aliniomba karibu nusu ya hiyo kwa kiwashio peke yake. Kiwashio! Waya uliojikunja! Nilimwambia asante kaka, baki nacho.

Kabla hujanunua chochote, pima mvuto. Ukipata inchi 12 badala ya 18 na kuendelea, ugonjwa uko kwenye injini, siyo kwenye hita: vali, gasketi ya manifoldi, au muda wa kuchoma umechelewa. Hita itakuwa inanyonya na mapafu ya mgonjwa. Mvuto wa injini ukiwa mzuri, chomoa bomba la kurudi upande wa hita uweke kidole. Kidole kisiponyonywa, kile kitundu cha kwenye manifoldi kimeziba masizi. Angalieni nilichokitoa kwenye changu. Shem, onyesha... haya yote meusi. Nilikichokoa na ncha ya keekee kwa mkono, taratibu, manifoldi ikiwa nje. Usichokoe ikiwa kwenye gari, masizi yataanguka kwenye silinda.

Mvuto uko sawa? Sasa ndiyo uangalie umeme, na hapo mwalimu wako ni ile sindano ya ampea. Ukivuta swichi isipoanguka kabisa, kiwashio hakipati umeme au kimekatika. Ikianguka na isirudi hata baada ya dakika mbili tatu, zima haraka: ama moto haujashika, ama swichi ya joto imegandana, na kiwashio kitajichoma chenyewe. Ile swichi ya joto ina pointi ndogo sana. Zikiota kutu safisha kwa karatasi laini, siyo tupa.

Na volti 6 haina msamaha. Kwenye betri nilipima 6.3, kwenye hita nikakuta 4.7. Zile volti zilipotelea wapi? Kwenye ethi, pale umeme unaporudi kupitia bodi ya gari. Rangi mpya! Gari limepakwa rangi nzuri, bolti imekaa juu ya rangi, umeme haupiti. Kwangua mpaka chuma king'ae, weka waya mnene, utaona kiwashio kinawaka kama jua. Na wewe uliyebadilisha gari lako kuwa volti 12 halafu umefunga hita ya volti 6, nakuonea huruma, kiwashio chako hakitaona Jumapili.

Inawaka halafu inazimika baada ya muda mfupi? Hapo petroli haifiki. Petroli ya sasa ya huku ina ethanoli, na gari likikaa miezi inaacha utomvu, njia nyembamba kama hizi zinaziba mapema. Safisha, puliza, usiingize waya kwenye kile kitundu kinachopima petroli ukakipanua. Na ukisikia harufu ya petroli kabini, hata kidogo, usitafute sababu ukiwa unaendesha. Zima, simama, toka.

Mzee mmoja aliniandikia akasema niachane na haya, ninunue zile hita za dizeli za Kichina, dola mia na kitu. Shikamoo mzee. Nimezijaribu kwenye karakana, zinatoa joto, sibishi. Ila zinataka volti 12, tangi lake, bomba lake la moshi, na skrini ya kuwaka waka rangi ya buluu kwenye dashibodi ya 1949. Hapana. Kama ni gari la kazi, nunua hiyo ya Kichina leo hii. Kama ni gari la kale na injini yako ni nzima, hii South Wind. Kama injini imechoka, tengeneza injini kwanza, maana hakuna hita ya namna hii itakayokusaidia.

Kwa hiyo je, ningenunua tena? Kwa dola 160, ndiyo, kesho. Kwa 400 wanazoitisha baadhi ya watu kwa sababu eti imepigwa rangi, rangi haipashi mtu joto.

Kuzima sasa, na hili mlifuate: unazima hita kwanza, injini unaiacha izunguke dakika moja inyonye mvuke uliobaki kwenye chumba cha moto. Hivi. Halafu ndiyo injini. Usigeuze mpangilio.

Video ya wipa inakuja, nataka kuziwekea mota ya umeme na najua wapenda asili mtanitukana, karibuni. Wenye South Wind za modeli ya zamani kuliko hii, niandikieni chini na picha ya bomba la kurudi. Kama ni la mpira nitalijua. Shem, zima kamera, mikono imekufa ganzi.