Jiko la presha la umeme: tathmini kutoka Mtwara mjini

Jiko la presha la umeme la lita 6 na wati 1,000, linalopatikana sasa katika baadhi ya maduka ya vyombo mjini Mtwara, linafaa kupimwa kwa mbaazi, kwa kuwa ndizo zinazomaliza mkaa katika nyumba nyingi za Kusini. Mbaazi kavu zilizolowekwa usiku kucha huiva kwa chini ya nusu uniti, kwa sababu jiko likishajaa mvuke huwaka kwa vipindi tu. Kwa mteja wa daraja la T1, yaani la matumizi ya kawaida ya umeme wa TANESCO, ambaye kila uniti humgharimu takriban shilingi 356 pamoja na kodi na tozo, gharama hiyo haifiki shilingi 180.

Wapo wanaosema kuwa gesi ya mtungi ingepaswa kuwa nafuu hapa kwa sababu ya visima vya gesi asilia vya Mnazi Bay, mkoani Mtwara. Gesi ya visima hivyo, hata hivyo, ni methani, ambayo husafirishwa kwa bomba na kuzalisha umeme, ilhali ya mtungini ni propani na butani zinazoagizwa kutoka nje ya nchi. Kwa hakika, anayepikia umeme ndiye anayeipikia gesi ya Mtwara.

Ugali, hata hivyo, haulifai jiko hili: sufuria yake ya ndani ni nyepesi na huzunguka pamoja na mwiko. Ningelinunua kwa ajili ya kunde, nyama na wali, huku mtungi wa kilo 6 ukibaki kwa ugali, samaki wa kukaanga na siku za kukatika umeme.