Mashini ya glasoni (vipande ya barafu) ku kikoni ya inje, tuiweke ao tuiache?

Bandugu, shemeji aliniazimisha mashini yake ya glasoni miezi mbili, ile ndogo ya kuweka juu ya meza, na munajua Lubumbashi mwezi wa 10 jua inachoma namna gani. Inatoa glasoni 9 kila dakika 10 hivi, batoto banasimama kuiangalia kama televizyo. Lakini ile haiko frigo: glasoni zikibaki mule zinayeyuka, maji inarudi mu tanki, basi lazima uhamishe mu konjelateri (frigo ya kugandisha), sasa kama uko na konjelateri mashini ni ya nini?

Tuliiweka karibu na mbabula (jiko ya makala), kosa yetu, joto na vumbi ya makala vikaingia ku ventilateri, glasoni zikatoka nyembamba kama ukucha. Tukaisogeza ku kivuli, mbali kidogo na ukuta ipumue, ikatulia. Maji nayo iko na chokaa, kila juma 2 ni kuisafisha na vinegre. Na kuran (umeme) ikikatika saa ya bageni, basi.

Mashini ile kubwa, ya kujengea ndani ya kikoni, inaomba bomba ya kuingiza maji na ya kuitosha, mu nyumba ya kulipia? Miye hapana. Nanunua mufuko ya glasoni, bia ya Simba inapoa bien ku beseni.