Huduma ya faiba ofisini, Chumbageni, Tanga: tathmini ya mteja

Kampuni iliyotuunganishia intaneti ya faiba katika ofisi yetu ya uwakala wa forodha hapa Chumbageni sitaitaja jina, lakini huduma yake nataka kuieleza kuanzia pale ambapo mtandao wao unaishia na wetu unaanzia, kwa sababu hapo ndipo penye uzuri wake na kasoro zake.

Ufungaji ulikuwa mzuri. Waya ulitoka nguzoni ukapitishwa ndani ya bomba hadi kwenye kisanduku cha ukutani, na fundi alikifuta kwa uangalifu kichwa cha kijani cha faiba kabla ya kukichomeka kwenye modemu inayogeuza mwanga kuwa umeme. Katika mji wa pwani wenye unyevu na chumvi kama Tanga, uangalifu huo unastahili sifa. Tukipima kwa kompyuta iliyochomekwa kwenye modemu yenyewe, kasi tunayolipia tunaipata.

Kasoro ni kwamba modemu hiyo imewekwa ifanye pia kazi ya ruta, yaani kifaa kinachogawa intaneti kwa vifaa vya ofisi, ilhali sisi tunayo ruta yetu inayogawa anwani za ndani, zinazoanza na 192.168, kwa kompyuta, printa na kamera za ghala. Anwani zikawa zinabadilishwa mara mbili, kwenye ruta yetu na tena kwenye modemu, na mkuu wetu akiwa bandarini hakuweza kuziona kamera. Kutunyima nywila ya modemu ni haki yao, maana kifaa ni chao, lakini basi walipaswa kuizima kazi hiyo ya ruta wenyewe bila kutuzungusha. Walipoizima hatimaye, ruta yetu ilipokea anwani ya fungu la 100.64 hadi 100.127, lililotengwa mwaka 2012 ili kampuni za mtandao ziwachanganye wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje, kwa hiyo aliye nje hakuweza kutufikia sisi peke yetu, na kamera bado hazikuonekana. Anwani ya peke yetu inalipiwa zaidi, jambo ambalo hatukuambiwa wakati wa kusaini.

Mtandao ukikatika, huduma kwa wateja husema tu, "Zima, kisha uwashe," bila kuuliza habari ya taa. Taa nyekundu ya modemu ikiwaka, mwanga haufiki, na faiba hadi kwenye modemu ni jukumu lao. Isipowaka, na kompyuta iliyochomekwa kwenye modemu ikapata intaneti, hitilafu ni yetu.

Kwa kasi na ufungaji, naipendekeza. Kabla ya kusaini, dai mkataba utaje kifaa gani ni cha nani na utapewa anwani ya aina gani.