Betri Mbili Kwenye Boti Ndogo: Anza na Ampia za Mashine, Betri Baadaye

Lalamiko ni lile lile kila msimu. Mtu kanunua betri mbili mpya, kafunga swichi ya kubadilishia, na siku ya tatu majini anageuza ufunguo, stata inalia tik, tik, tik. Anarudi dukani anauziwa betri kubwa zaidi. Hiyo nayo inakufa, ila inachelewa wiki moja. Betri hazikuwa na kosa: mashine haikuwa inazijaza, na hakuna aliyepima.

Kwamba betri moja ni ya kupiga stata na ya pili, ya matumizi, ni ya taa, redio na pampu, hilo kila mtu analijua. Swali ambalo muuzaji hakuulizi ni hili: mashine yako inabakiza ampia ngapi ukiwa mwendo wa polepole?

Ampia za kitabuni na ampia zinazofika

Kitabu cha mashine ya nje kinaweza kuandika ampia 17. Namba hiyo ni ya mizunguko 5,000 kwa dakika au zaidi. Ukiwa unakokota chambo kwa mizunguko 1,000, alteneta ileile inaweza kutoa theluthi tu, na mashine inajilisha yenyewe kwanza: pampu ya mafuta, koili, kompyuta yake. Kinachobaki kwa betri huenda ni ampia 3, na wakati huohuo sonari (kifaa cha kutafutia samaki) na pampu ya tangi la samaki hai zinakula 4. Hapo betri inanyonywa huku mashine inaunguruma, na mwenye boti ana hakika kwamba anachaji.

Kupima ni kazi ya robo saa. Tafuta mita ya kubana inayosoma umeme wa DC, ule wa betri. Nyingi za bei ya chini zinasoma AC pekee, ule wa nyumbani, na zitakuonyesha sifuri hata mambo yakiwa sawa. Shusha kwanza betri ya matumizi hadi kama volti 12.2, kwa sababu betri iliyojaa haipokei mkondo na kipimo kitakudanganya. Unganisha betri zote mbili, zima vyombo vyote, washa mashine, kisha bana kebo nyekundu inayotoka kwenye mashine. Bana hiyo peke yake: ukiibana pamoja na nyeusi, mikondo inafutana na mita inabaki kwenye sifuri. Soma mashine ikiwa sailensa (inanguruma bila kuongezwa mafuta), kisha mizunguko 1,500, kisha 3,000. Andika namba tatu hizo kwa kalamu isiyofutika ndani ya kifuniko cha boksi la betri. Ununuzi wote unaofuata unazitegemea.

Sasa upande wa matumizi. Sonari ya kawaida ampia 1.2, redio ya VHF ikisikiliza tu 0.4, pampu ya tangi la samaki 3. Jumla 4.6, mara saa 8, ni kama ampia-saa 37. Betri ya risasi ya ampia-saa 100 usiitumie zaidi ya nusu, yaani 50, kwa hiyo uko salama kwa siku hiyo moja. Lakini kuzirudisha 37 kwa mashine inayobakiza ampia 6 ni zaidi ya saa 7 ukihesabu na zile zinazopotea, maana risasi hairudishi kila unachoipa. Nani anakimbiza boti ndogo saa 7 mfululizo?

Kifaa cha kuunganisha, kwa mpangilio wangu

Nafasi ya kwanza ni relei (swichi inayoendeshwa na umeme) inayojiunganisha yenyewe pamoja na swichi ya njia mbili. Niseme wazi kwamba hapa mimi ni mtu wa kampuni ya Blue Sea, kwa maana ya kupenda vifaa vyao, na kile kiseti chao cha Add-A-Battery ndicho ningefunga kwenye boti yoyote yenye betri mbili za risasi. Relei yake inasoma betri zote mbili. Volti zikifika 13.6 kwa nusu dakika, au 13.0 kwa dakika moja na nusu, inaziunganisha. Zikishuka chini ya 12.75 kwa nusu dakika, inaziachanisha. Ucheleweshaji huo ndio unaolipiwa. Relei zisizo na subira huunganisha, volti zinashuka kwa sababu betri ya pili ina njaa, zinaachana, volti zinapanda, zinaungana tena, mpaka pointi zinaungua. Kwenye mashine yenye ampia chache ugonjwa huo ni wa kila siku.

Kosa la fundi kwenye relei hii karibu kila mara ni moja: waya mwembamba mweusi wa relei haujaungwa kwenye hasi. Bila huo haifanyi kazi kabisa, na haitoi sauti wala taa ya kukuonya. Kosa la pili ni kusahau kuunganisha hasi ya betri moja na hasi ya nyingine kwa kebo nene sawa na ile ya chanya. Watu wananunua kebo nzuri nyekundu, upande mweusi wanaweka waya wa taa.

Relei hiyo ina mpaka wake, nao ni lithiamu. Betri ya lithiamu iliyojaa, ikiwa imepumzika tu, inasoma kama volti 13.3. Relei inadhani bado mashine inachaji, haiachi, na usiku kucha betri zote mbili zinatumika pamoja. Asubuhi unakuta kile ulichonunua relei ili kisikupate.

Kwa hiyo nafasi ya pili, na ya kwanza kwa mwenye lithiamu, ni chaja ya DC kwenda DC, ile inayochukua umeme wa betri ya stata na kuupandisha kulingana na betri ya matumizi. Hapa napendelea za kampuni ya Victron, lakini soma kwa makini kabla hujachagua ukubwa. Orion-Tr Smart ya ampia 30 inavuta karibu ampia 35 upande wa kuingilia, kwa kuwa sehemu inageuka joto. Ukiifunga kwenye mashine inayobakiza ampia 10, ampia 25 zinatoka kwenye betri ya stata. Chaja inaona volti zimeshuka, inajizima, betri inapumua kidogo, inawaka tena, siku nzima. Muuzaji atakuambia "kubwa ni bora" kwa sababu kubwa ina faida kubwa. Chukua ile ambayo mkondo wake wa kuingilia ni mdogo kuliko namba uliyoiandika ndani ya kifuniko, au chukua Orion XS, ambayo unaiwekea kikomo cha mkondo wa kuingilia kupitia simu. Kipengele hicho kimoja kinanitosha kuipendekeza.

Nafasi ya tatu: swichi ya mkono ya 1, 2, Zote, Zima. Ni rahisi, inadumu, na inategemea kumbukumbu ya mtu aliyechoka na jua. Usiipitishe kwenye Zima mashine ikiwa inazunguka. Umeme unaokosa pa kwenda unaua daiodi za kuchaji.

Nafasi ya mwisho ni kigawanyio cha daiodi. Kinapoteza volti 0.6 hadi 0.7, na mashine nyingi za nje hazina namna ya kufidia. Usinunue.

Na kama tangi la petroli liko chumba kimoja na kifaa chochote kati ya hivi, hakikisha kimetengenezwa kisiwashe mvuke wa petroli. Kimeandikwa kwenye karatasi ya kifaa. Kama hakijaandikwa, hakijakingwa.

Betri zenyewe

Kwa boti ndogo yenye mashine ya petroli, AGM mbili, yaani betri za risasi zilizofungwa ambazo tindikali yake imenyonywa na mkeka. Zinavumilia kurushwarushwa na mawimbi kuliko betri za maji, hazimwagi tindikali, na zikiwa za aina moja zinataka volti zilezile za kuchaji. Kuchanganya ya maji na AGM kwenye relei moja ni kukubali kwamba moja itashiba nusu. Betri za maji ni sawa kama unazifikia kwa urahisi kuongeza maji yaliyotoneshwa na boksi linapitisha hewa. Zaidi ya hapo sina la kuzisemea.

Lithiamu iwe ya matumizi, isiwe ya stata, mpaka kitabu cha mashine kiruhusu. Saketi yake ya ulinzi ikikata ghafla mashine ikiwa inazunguka, volti zinaruka na kinachoungua ni rekitifaya ya mashine, ile inayogeuza AC yake kuwa DC ya kuchaji.

Uongo wa dukani ninaouchukia zaidi ni wa kibandiko. Betri ya risasi ya ampia-saa 100 ina uzito wa kama kilo 25 hadi 30. Ukiinyanyua ukakuta ni kilo 16, hizo si ampia-saa 100, kibandiko kiseme kitakavyo: risasi haina njia ya mkato. Halafu kuna mchezo wa herufi. CCA na MCA zote ni ampia za kupigia stata: CCA inapimwa kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri, MCA kwenye sifuri, hivyo betri moja ina MCA kubwa kuliko CCA kwa karibu robo. Kitabu cha mashine kikitaka CCA 500 na ukaonyeshwa "500" bila herufi, dai herufi. Na uje na mita yako: AGM mpya inayosoma chini ya volti 12.5 imelala kwenye rafu muda mrefu, irudishe palepale kaunta.

Kebo, na usiku

Mara nyingi betri ya matumizi inawekwa omo ili kusawazisha uzito, na mashine iko tezi. Umbali wa kwenda na kurudi ni mita 8 kwa urahisi. Kwa kebo ya shaba ya milimita mraba 6 na ampia 25, volti 0.58 zinapotelea njiani: 14.2 zinatoka, 13.6 zinafika. Kwa milimita 16 unapoteza 0.22 tu. Ni kweli hasara hupungua mkondo unapopungua, lakini safari fupi huisha kabla haujapungua. Nunua shaba iliyopakwa bati. Kwangua ncha kwa kisu kabla ya kulipa, ukiona fedha kwa nje na nyekundu ndani ni sawa. Ikiwa nyeupe mpaka ndani ni alumini.

Fyuzi ya kila kebo chanya isiyo ya stata ikae ndani ya sentimita 18 kutoka betri. Pampu ya ngama iungwe moja kwa moja kwenye betri ya matumizi, kabla ya swichi, na fyuzi yake. Ondoa nati za masikio, weka nati za nailoni, maana mtikisiko unazifungua zile bila wewe kujua. Betri ifungwe isiweze kusogea zaidi ya sentimita 2 na nusu upande wowote.

Na chaja ya gatini yenye njia mbili, kama ampia 10 kila njia, inunue siku moja na betri. Ipange kwa AGM, kwa kawaida volti 14.4 hadi 14.7 za kujazia kisha karibu 13.6 za kushikilia, kadiri mtengenezaji wa betri alivyoandika. Ichomeke usiku uleule uliorudi: betri ya risasi iliyoachwa kwenye 12.2 inaanza kujenga ugumu kwenye sahani zake ndani ya siku chache.