TAHADHARI: Seti ya "Fundi Kamili" inayouzwa Kampala, mita yake haina fyuzi

Ndugu zangu mafundi, na hasa nyinyi wadogo zangu wa uhandisi mnaojiandaa kwenda mafunzo ya kazini, someni hii kabla hamjamtumia mtu pesa.

Kuna muuzaji anayezunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya wanafunzi, upande wa Kikoni na Banda. Anauza seti anayoiita "Fundi Kamili": kile kifuko cha plastiki cha kuwekea kalamu kwenye mfuko wa shati, kalamu nne, bisibisi ya testa, mita ndogo ya umeme ya rangi ya njano, kalkuleta ya sayansi yenye jina la Casio, na flashi ya "2TB". Vyote shilingi 120,000. Mimi tangu sekondari ni mtu wa kutembea na vyombo vyangu mfukoni, bila kalamu na bisibisi kifuani najiona nimetoka nyumbani nusu. Tangazo lile likanipata. Nikachukua seti mbili, yangu na ya kijana ninayemfundisha kazi.

Duka hana. Ukimuuliza atakwambia yuko Kampala Road, ukifika hapo simu haipokelewi, mara anakuja mtu wa boda na mzigo uliozungushiwa selotepu hadi huoni ndani. Pesa unakuwa umeshatuma, na jina lililotokea kwenye simu ulipotuma si lile analojiita kwenye kundi. Wa boda hangoji ufungue. Risiti hakuna. Nilipolalamika alinijibu kwa upole mara mbili, "subiri kaka, nitakubadilishia", mara ya tatu akanifungia namba.

Nianze na flashi, maana ndiyo inayowaliza wanafunzi. Ukiichomeka, kompyuta inaonyesha kweli 2TB. Nikaweka picha na michoro ya kazi zangu za mwaka mzima, kama GB 60. Majina ya mafaili yote yalionekana, ukubwa wake sawasawa. Wiki moja baadaye nafungua, yale ya mwanzo yanafunguka, mengine yote hayasomeki. Nikaipima kwa programu ya bure iitwayo H2testw, ambayo huijaza flashi data kisha huisoma tena kuona kama data ile ipo. Nafasi ya kweli ilikuwa chini ya GB 16. Wanachofanya ni kubadilisha programu iliyo ndani ya flashi ili idanganye kompyuta. Ukipita uwezo wake wa kweli, data inaandikwa juu ya nyingine au haiandikwi popote, na wewe hupewi onyo lolote. Fikiria ni ripoti yako ya mwaka wa mwisho. Wenye Linux watumie F3, kazi ni ileile.

Lakini kilichonifanya niandike ni mita.

Kijana wangu alikuwa amepima mkondo wa chaja ya betri, akausahau waya mwekundu kwenye tundu la 10A, kisha akaenda kupima volti kwenye soketi ya ukutani. Kosa hilo kila fundi amewahi kulifanya, na kwa sababu hiyohiyo mita huwekwa fyuzi. Kwenye tundu la 10A mita ni kama waya mtupu, kwa hiyo alikuwa ameunganisha njia mbili za 240V mkononi mwake. Palitoka cheche na mlio, ncha ya waya ikayeyuka, akaungua kidole gumba. Breka ya ukutani ikajizima, ndiyo iliyotuokoa.

Jioni nikaifungua. Kwa nje, kando ya tundu lile, imeandikwa "10A FUSED", yaani lina fyuzi, na chini yake "CAT III 600V", daraja la usalama la mita za kupimia umeme wa majengo. Kwa ndani, mahali pa fyuzi, kumelehemiwa kipande cha waya wa shaba, urefu wa sentimita mbili hivi, kimepinda na kimeungua kuwa cheusi. Nikaifungua na ya kwangu, vilevile, ila waya wake bado unang'aa. Mita ya kweli ya daraja hilo huwa na fyuzi ya kauri iliyojazwa mchanga ndani, ili moto wa umeme ukizuka mchanga uuzime. Hii mtu akienda nayo kwenye paneli ya njia tatu, 415V, hatarudi na kidole gumba tu.

Testa nayo nikaipasua. Ndani ya testa kuna rezista inayozuia mkondo usikupitie mwilini unapoweka kidole juu, kwa kawaida karibu megaohmu moja. Hii nilipima nikapata kilo-ohmu 47. Maana yake mkondo unaokupitia ni mara ishirini hivi ya unaotakiwa. Kalkuleta, kidirisha cha jua ni pambo, hakina waya hata mmoja.

Na kifuko chenyewe, ambacho nilidhani hakiwezi kuwa feki! Mhandisi wa umeme wa Marekani, Hurley Smith, alipata hataza ya kifaa hiki mwaka 1947, na kazi yake ni moja: wino usifike kwenye shati. Hiki mshono wa chini uko wazi. Shati langu jeupe lina doa la bluu lisilotoka.

Nimeandikisha polisi, na mita nitaipeleka UNBS, shirika la viwango la Uganda, wiki hii. Anabadilisha namba, kwa hiyo msitafute namba, tafuteni dalili: jina la "Fundi Kamili", mita ya njano, selotepu, pesa kwanza.

Aliyekwisha kununua, mita hiyo usiipeleke kazini kesho. Toa betri, fungua skrubu mbili za nyuma, tazama kando ya tundu la 10A. Picha ya ya kwangu naiweka hapa ujue cha kutafuta. Ukikuta waya, weka yako pia, na useme ulinunua mtaa gani.